Dhamana ya Madhara Katika Biashara ya Ng'ambo

Twaianza darsa hii kwa swali tulilofikishiwa na mmoja katika wafanya biashara wa mji wetu, mtu tunayemjua kwa kuhudhuria jamaa na kwa sadaka zake. Huyu ndugu huagiza bidhaa kutoka ng'ambo, na katika shehena moja aliletewa majiko ya gesi ya bei rahisi. Jiko moja likavuja, likashika moto jikoni kwa mtu, akaungua mama wa nyumba ile, na baada ya siku chache akafariki, Mungu amrehemu. Ameacha mume, baba na mama yake walio hai, na watoto watatu wadogo, wawili wa kiume na mmoja wa kike. Mfanya biashara alikwenda matangani, akatoa gunia la mchele na shilingi 20,000, akagharimia na khitma. Mume wa marehemu akamwambia mbele ya watu kuwa hii ni amri ya Mungu, na sisi tumesamehe. Watu wakaitikia amin, na maneno yakaisha hapo.

Walakini yeye mwenyewe hakupata usingizi. Alitujia baada ya darsa ya isha akatwambia: "Sheikh, wakala wangu aliyeko huko ninakonunua alikuwa ameniandikia kwamba majiko ya shehena hii mipira yake si mizima. Nikaona nikiyarudisha nitakula khasara, nikayauza. Je, nimesalimika?"

Twamshukuru kwa kuuliza, kwani wengi hawaulizi. Wala jawabu haliwezi kuwa la neno moja, kwa kuwa bidhaa ikivuka bahari hufuatwa na hukumu za zaidi ya nchi moja, na juu ya hizo zote iko hukumu ambayo haina mpaka. Katika darsa hii tukisema sharia twakusudia hukumu za dini, na tukisema kanuni twakusudia zile zilizowekwa na serikali.

Kwanza yatupasa kuliondoa neno lililotumiwa kama pazia. Kweli hakuna linalotokea ila kwa kadari ya Mwenyezi Mungu. Hilo ni katika nguzo za imani yetu. Lakini kuiamini kadari ni kwa ajili ya kumpa subira aliyefikwa na msiba, si kwa ajili ya kumfutia deni aliyeuleta. Katika Suratun Nisaa Mwenyezi Mungu amemuwajibisha mwenye kumuua muumini kwa makosa, ambaye hakukusudia hata kidogo, atoe kafara, na dia ikabidhiwe kwa jamaa wa aliyeuawa ila wakipenda wao kuisamehe. Lau kadari ingaliangusha dhamana, dia ya aliyekosea ingalikuwa haina maana, kwani ni mauti gani yaliyo nje ya kadari? Nasi tumeona ajabu moja kwa watu wetu. Mzigo wa mtu ukiroa maji bandarini hasemi ni amri ya Mungu. Huwa wa kwanza kufika afisini na makaratasi yake mkononi kudai alipwe. Kadari huikumbuka pale anayedai ni maskini na anayedaiwa ni yeye.

Sasa tuitazame dhamana yenyewe. Maulama wetu wameyagawa madhara kwa njia mbili. Iko njia ya kutenda kwa mkono, kama mwenye kuvunja chombo cha mtu, na huyu hulipa hata kama hakukusudia. Na iko njia ya kusababisha, kama mwenye kuchimba kisima katika njia ya watu, akapita mpita njia usiku akatumbukia. Huyu wa pili hakumgusa mtu, pengine alikuwa amelala kwake, lakini hulipa kwa kuwa amechimba mahali asipokuwa na haki ya kuchimba. Akichimba katika milki yake mwenyewe hapana dhamana juu yake. Na akitokea mwengine akamsukuma mtu katika kile kisima, basi hukumu huenda kwa msukumaji, kwa sababu mkono hutangulizwa mbele ya sababu.

Imamu Nawawi katika Minhaj ametaja jambo ambalo sisi watu wa miji ya nyumba za mawe twalijua vizuri, nalo ni mlizamu. Yafaa mtu kuutoa mlizamu wa dari yake juu ya njia, kwani hapana budi maji ya mvua yapate pa kutokea. Lakini ukianguka ukamdhuru mtu, mwenye nyumba atalipa. Wasomaji na waizingatie hukumu hii, kwani ndani yake mna biashara yote. Kuruhusiwa kufanya jambo hakukuondolei dhamana ya madhara yake. Leseni ya duka, stakabadhi ya ushuru, muhuri wa wakaguzi, hivyo vyote ni ruhusa ya kutoa mlizamu.

Dola ya Uthmaniya ilipozipanga hukumu hizi kwa mafungu yenye namba, baina ya mwaka 1869 na 1876, ikapatikana Majalla yenye mafungu 1,851 kwa madhehebu ya Hanafi. Humo mwatajwa kuwa mtendaji kwa mkono hulipa hata bila ya kukusudia, na msababishaji halipi ila kwa kukusudia au kukiuka. Mwatajwa kadhalika kuwa haki haifi kwa kupita zamani, hata kama kadhi hatasikiliza tena daawa yake kwa kuwa imechelewa. Tuliweke neno hili kando, tutarudi kwake.

Mataifa mengine nayo yamekwenda njia zao. Wafaransa katika kanuni yao ya mwaka 1804 walifanya msingi kuwa ni kosa: kila mwenye kumdhuru mwenziwe kwa kosa lake atalipa, na anayedai ni lazima alithibitishe kosa. Misri ilipotunga kanuni yake ya madai ya mwaka 1948, kwa kazi ya Dakta Abdurrazzaq As-Sanhuri, iliufuata msingi huo. Jordan mwaka 1976 haikuufuata. Ilirudi kwenye fiqhi ikafanya msingi kuwa ni madhara yenyewe, hata mtendaji akiwa ni mtoto asiyepambanua. Oman, ambako wengi katika sisi tuna jamaa, ilikwenda njia hiyo hiyo katika kanuni yake ya mwaka 2013. Saudia ilikaa miaka mingi makadhi wake wakihukumu kwa ijtihadi zao, mpaka ilipotoa kanuni ya miamala mwaka 2023. Basi mfanya biashara mmoja akiuza kitu kile kile Kairo na Maskati, katika mji mmoja ataulizwa amekosa nini, na katika mji wa pili ataulizwa amedhuru nani.

Waingereza hawakuwa na fungu moja la kuyakusanya haya. Kwao hukumu hukua kesi kwa kesi, kama fatwa juu ya fatwa. Mwaka 1868 walihukumu katika habari ya mtu wa Lancashire aliyejengewa birika la maji ya kinu chake, maji yakapenya katika mashimo ya zamani ya makaa yakafurika mgodi wa jirani. Wakasema kuwa aletaye katika ardhi yake kitu ambacho kikitoroka kitadhuru, dhamana ni yake hata kama hakuzembea. Na mwaka 1932 ikahukumiwa kesi ya konokono, mashuhuri kwa kila wakili. Mwanamke mmoja katika mji wa Paisley, Scotland, mwaka 1928 alinunuliwa na rafikiye chupa ya kinywaji cha tangawizi. Chupa ilikuwa nyeusi haionyeshi ndani. Alipokwisha kunywa sehemu yake, yaliyobaki yakamiminwa, na ndani mkatoka kilichosadikiwa kuwa ni konokono aliyeoza, naye akaugua. Hakuwa na mkataba na mtu yeyote, kwani aliyelipa si yeye. Majaji watano waligawanyika, watatu kwa wawili, na hao watatu wakasema kuwa mwenye kutengeneza ana wajibu kwa yule atakayekitumia mwishoni, ajapokuwa hawajuani. Jaji Atkin alilijenga neno lake juu ya swali la nani aliye jirani yangu, ambalo Wakristo walisoma katika Injili yao, akasema ni kila ambaye nikifikiri kidogo nitajua kuwa kitendo changu kitamfikia.

Twaieleza kesi hii kwa urefu kwa kuwa imo ndani ya nyumba zetu. Kanuni ya Kenya ya mwaka 1967 imesema kuwa korti zitafuata, pamoja na mambo mengine, misingi ya hukumu za Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, kwa kadiri hali za wananchi zinavyoruhusu, na korti zetu zimeendelea kuzifuata na zilizokuja baada ya tarehe hiyo. Ama mahkama ya kadhi, Katiba ya mwaka 2010 imeyafunga mamlaka yake katika hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi baina ya Waislamu waliokubali kuhukumiwa humo. Haya ya dhamana hayamo. Basi Muislamu wa hapa aliyedhuriwa na bidhaa ya Muislamu mwenziwe, akitaka hukumu ya nguvu, huenda kwa hakimu wa serikali akahukumiwa kwa konokono wa Paisley.

Wamarekani wana jambo jingine ambalo huwatia hofu wafanya biashara wa dunia nzima. Kwao daawa nyingi za madhara husikizwa na baraza la raia wa kawaida, na baraza hilo laweza kumpa mdai, juu ya fidia ya khasara yake, fedha za kumtia adabu mdaiwa. Mwaka 1992 hukumu ya namna hii kutoka California ilipelekwa Ujerumani ili itekelezwe huko, na korti kubwa ya Wajerumani ikaikataa ile sehemu ya kutia adabu, kwa hoja kuwa kuadhibu ni kazi ya dola na fidia ni kuziba pengo. Katika hili Wajerumani wamekaribia maneno ya Sheikh Izzuddin bin Abdissalam, mwanachuoni mkubwa wa Kishafii aliyefariki Misri mwaka 660 wa Hijria, aliyezitenga hukumu za kuunga kilichovunjika na hukumu za kukemea. Sisi twaona haya ndiyo ya sawa, ijapokuwa twawafahamu Wamarekani: kuna makampuni ambayo fidia peke yake kwao ni kama bei ya ushuru, hulipa na kuendelea.

Yote haya yalikutana katika mji mmoja. Bhopal ya India si mji mgeni kwa watu wa elimu. Katika karne ya kumi na tisa ulitawaliwa na malkia wa Kiislamu, mmoja baada ya mmoja, na ndiko alikoishi Sayyid Siddiq Hasan Khan, mume wa Malkia Shah Jahan Begum, aliyepiga vita bidaa kwa kalamu yake na ambaye vitabu vyake vya Kiarabu vilisomwa hata Misri. Katika mji huo palijengwa kiwanda cha dawa za kuulia wadudu. Kampuni iliyokiendesha ilikuwa ya India kwa jina, lakini hisa zake, 50.9 katika kila mia, zilikuwa za Union Carbide ya Marekani.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Disemba 1984 maji yaliingia katika tangi la sumu ambayo haikutakiwa kukutana na maji. Mtambo wa kulipoza tangi ulikuwa umezimwa tangu miezi kadha, na mnara wa kuichoma hewa mbaya ulikuwa umekatwa bomba lake. Zaidi ya tani thelathini za sumu zikapanda hewani zikashukia mitaa ya maskini, watu wamelala. Serikali ilihesabu kwanza maiti zaidi ya 2,000. Baadaye madai ya vifo yaliyolipwa yalipita 5,000, na wako wanaosema waliokufa ni mara nyingi zaidi ya hao. Waliodhurika walipita laki tano. Asomaye haya na akumbuke kisima kilichochimbwa katika njia ya watu.

Sasa tazama mambo ya korti. Serikali ya India ilitunga kanuni mwaka 1985 ya kujifanya wakili wa pekee wa wote waliodhurika, ikaenda kushitaki New York, ambako fidia ni kubwa. Ili ikubaliwe huko ilibidi iseme kuwa korti zake yenyewe hazifai, ni za polepole na hazina uzoefu wa jambo kubwa kama hili. Na kampuni ya Kimarekani, ili itolewe New York, ikasimama kuzisifu korti za India kuwa ni zenye ilimu na uadilifu! Kila mmoja alimsifu kadhi wa mwenziwe. Tarehe 12 Mei 1986 Jaji Keenan akahukumu kuwa daawa iende India, kwani mashahidi, makaratasi na waliodhurika wako huko, kwa sharti kampuni ikubali kuhukumiwa huko.

Wakati huo huo Korti Kuu ya India, katika kesi ya gesi nyingine iliyovuja Delhi mwaka 1985, ilisema neno kubwa: afanyaye kazi yenye hatari katika mji, yakitokea madhara atalipa, hana udhuru wowote. Kwa hili waliwapita Waingereza wa mwaka 1868, ambao hukumu yao ilikwisha kutobolewa matundu mengi ya udhuru. Mtu angedhani watu wa Bhopal sasa wamepata. Lakini hukumu hiyo haikupata kuonjwa kwao. Tarehe 14 Februari 1989 serikali na kampuni zilisikilizana mbele ya Korti Kuu kwa dola milioni 470, na madai ya mwanzo yalikuwa zaidi ya dola bilioni 3. Waliodhurika hawakuulizwa. Wengi katika waliougua waligawiwa rupia 25,000 kila mmoja, na kwa fungu la pili walingoja mpaka baada ya mwaka 2004. Mwaka 2010 wakuu wa Kihindi wa kiwanda walihukumiwa kifungo cha miaka miwili. Mkuu wa Kimarekani alifariki mwaka 2014 bila ya kusimama mbele ya hakimu wa India. Serikali ilirudi kuomba fidia iongezwe, na Machi 2023 Korti Kuu ikakataa.

Makosa ya Bhopal ni mengi, lakini lile tunalotaka kulionyesha hapa ni hili la kusamehe. Serikali ilisamehe sehemu kubwa ya deni ambalo halikuwa lake. Mwenye haki alikuwa ni yule mama aliyepofuka macho na yule yatima, na hao walisikia habari kama wengine walivyosikia.

Baada ya hapo makampuni mengi yalidhani yamepata ngome: kiwanda kiko nchi ya maskini, chini ya kampuni ndogo ya jina jengine, na mali iko kwa kampuni mama. Ngome hiyo imepata nyufa. Mwaka 2000 majaji wa juu wa Uingereza waliwaruhusu watu zaidi ya 3,000 wa Afrika ya Kusini, waliougua kwa vumbi la asbestosi, kuishitaki kampuni ya Cape huko London, kwa kuwa huko kwao wasingepata mawakili wa kuibeba kesi kubwa kama ile. Mwaka 2019 waliwaruhusu watu wa Chingola, Zambia, wapatao 1,826, kuishitaki kampuni ya Vedanta pamoja na kampuni yake ya shaba kwa maji ya mto yaliyoharibiwa, na daawa ikasuluhishwa mwaka 2021. Na Wafaransa, baada ya jengo la washonaji la Rana Plaza kuanguka Bangladesh mwaka 2013 na kuua watu zaidi ya 1,100, walitunga kanuni mwaka 2017 ya kuyalazimisha makampuni yao makubwa kuangalia madhara ya wale wanaowafanyia kazi nchi za mbali. Ama kanuni ya nchi gani itafuatwa, Jumuiya ya Ulaya imekubaliana, na yafanywa tangu 2009, kuwa kwa kawaida ni ya nchi madhara yalikotokea. Twaona hilo ni la insafu, kwani aliyeungua kaungua hapa.

Wala msidhani haya ni ya mbali. Hapa Mombasa, katika kijiji cha Owino Uhuru, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kutoa risasi ya kupelekwa ng'ambo. Moshi na maji yake yakaingia majumbani, na risasi ikapatikana katika damu za watoto. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Wanakijiji walidai kwa haki ya mazingira safi iliyomo katika Katiba. Mwaka 2020 wakahukumiwa fidia ya shilingi bilioni 1.3, mwaka 2023 Korti ya Rufaa ikaivunja hukumu hiyo, na Disemba 2024 Korti ya Juu ikairudisha, na idara za serikali zilizotoa ruhusa na kufumba macho zikatiwa katika deni. Hapo ndipo ule muhuri wa ruhusa ulipopimwa.

Turudi kwa ndugu yetu. Lau asingejua ubovu wa yale majiko, tungemwambia maneno mengine, na daawa kubwa ingekuwa juu ya aliyetengeneza. Lakini yeye alijua na akaficha. Mtume, S.A.W., alipotia mkono katika chungu ya nafaka sokoni akakuta maji ndani, hakuukubali udhuru wa mvua. Alimwambia mwenye kuuza angeliyaweka maji juu watu wayaone, na akajitenga na kila mwenye kughushi. Wala lile neno linalopigwa chapa kwenye risiti, kuwa mali ikishauzwa hairudi, halimfai kitu. Katika madhehebu yetu sharti la kujivua na aibu halimuokoi muuzaji kwa aibu aliyoijua akainyamazia.

Juu ya mauti yenyewe, twaona mfano wake wa karibu ni ule waliouandika mafakihi wa mtu aliyemkaribisha mgeni mwenye akili zake chakula chenye sumu, mgeni asijue, akala akafa. Mkono uliokula ni wa mgeni mwenyewe, na juu ya hivyo kauli iliyotiwa nguvu ni kuwa dia yamlazimu mwenyeji, kwa kuwa ametumia kutojua kwa mwenziwe. Muuza jiko hakukusudia kuua. Hilo twalikubali, na kwa hilo mambo yake ni mepesi kuliko ya mwenyeji yule. Lakini asili ya dhamana haikumwondokea, na kafara ya kufunga miezi miwili mfululizo imo juu yake pia.

Na je, msamaha wa mume? Dia hurithiwa kama mali nyengine ya maiti. Tukiifanya mafungu 12, mume ana 3, baba wa marehemu 2, mama yake 2, kila mtoto wa kiume 2, na wa kike 1. Mume amesamehe mafungu matatu yake. Wazazi hawakuulizwa, na kuitikia amin matangani si kusamehe. Ama mafungu 5 ya watoto, hapana mtu katika dunia hii awezaye kuyasamehe, si baba yao, si babu yao, si mji mzima ukikusanyika msikitini, kwani walii hana ruhusa ya kuitoa bure mali ya mtoto. Na hata yale matatu ya mume, twamtaka ndugu yetu amwendee amweleze habari ya ile barua ya wakala, kisha asikie kama bado asema amesamehe. Kiasi cha fedha tumekitaja kwake faraghani, na tumemuelekeza afanye sulhu na wakubwa mbele ya mashahidi, na ya watoto iwekwe mahali pa amana kwa majina yao.

Jamaa wa marehemu nao tumewaambia, bila ya kumficha yeye, kuwa njia ya korti iko wazi kwao, na kuwa katika Kenya daawa za madhara kwa kawaida hufungwa baada ya miaka 3, basi wasikawie kumuona wakili. Ikipita miaka hiyo hakimu hatasikiliza. Lakini lile fungu la Majalla tuliloliweka kando litabaki juu ya shingo ya mdaiwa.

Akatuuliza mwishoni kama aweza naye kumrudia aliyemuuzia huko ng'ambo. Kwa yale majiko aliyoyapokea akijua, hapana. Aliijua aibu akairidhia, na haki ya kurudisha ikamwondokea. Kuhusu dhima yenye mpaka ya makampuni, aliyoitaja wakili wake kuwa ndiyo itakayomkinga, maulama wa zama hizi wana maneno marefu, na Insha Allah tutayasoma katika darsa nyengine.

Limebaki la haraka kuliko yote. Shehena ile ilikuwa ya majiko 60. Yaliyokuwa dukani, 22, ameyatoa mipira na kuyavunja mbele yetu. Katika yale yaliyouzwa, 17 yamerudishwa na wenyewe wamerejeshewa fedha zao. Jiko moja ni lile lililoleta msiba. Yamebaki 20 katika nyumba ambazo hazijulikani, baina ya mji na vitongoji vyake. Ni majiko ya macho mawili, rangi ya fedha, mpira wake mweusi mwembamba usio na maandishi. Aliye nalo na asiliwashe. Afunge mtungi, alilete msikitini baada ya alasiri siku yoyote, arejeshewe fedha zake.